Adui Yako Akiokoka: Mwongozo Kamili wa Kuishi na Rehema ya Mungu Inayokuuma

Kuna Jumapili ambayo hakuna mtu anayekuandaa kwayo. Nyimbo zimeisha, mwongoza ibada anauliza nani ana ushuhuda, na anayesimama ni yeye. Yule aliyewaongoza vijana hadi kwenye duka lako. Au mweka hazina aliyekula hela za chama akazima simu. Au shemeji aliyekutoa shambani kabla maua hayajakauka juu ya kaburi la mume wako. Anashika maiki: "Bwana asifiwe! Bwana asifiwe tena!" Ameokoka, anasema. Mungu amemfutia yote na siku hizi analala usingizi. Kanisa linapiga makofi na vigelegele. Mikono yako imebaki mapajani, na usingizi wako wewe haujarudi tangu siku ile.

Nimeandika haya kwa ajili yako. Naongoza somo la Biblia la jioni hapa Nakuru, na swali hili huletwa kwangu kwa sauti ya chini, watu wakishaanza kupanga viti: mbona Mungu amsamehe huyo? Jibu langu nalitoa mapema ili usinisome ukinishuku. Mungu hajakuomba uifurahie leo rehema aliyomwonyesha adui yako. Anachotaka ni uendelee kuongea naye, hata kwa hasira. Na wewe usikubali mtu yeyote aitumie rehema hiyo kukunyang'anya haki yako. Hatua zote zilizo hapa chini zinatoka hapo. Ukikwama kwenye moja kwa miezi, kaa hapo hapo.

Ila kuna jambo la kutangulia yote. Kama mtu huyo bado anakuumiza, anakupiga, anakutishia au anakufuata, weka mwongozo huu kando. Tafuta mahali salama, ripoti polisi upewe namba ya OB (daftari la matukio la kituo), na kama ni dhuluma ya kijinsia piga 1195, simu hiyo ni ya bure. Nabii Yona aliulizwa habari za rehema akiwa nje ya Ninawi, mji wa Waashuru. Hakuulizwa akiwa mikononi mwa Waashuru.

Hatua ya kwanza: taja kinachouma hasa

Watu husema "siwezi kumsamehe" wakimaanisha mambo tofauti kabisa, na kila jambo lina dawa yake. Chukua karatasi, ukamilishe sentensi hii: "Linaloniuma ni kwamba..."

Wengine huandika: amesamehewa na hajalipa hata shilingi. Hao shida yao ni haki, na hatua ya nne ndiyo yao. Wengine: Mungu amemaliza mambo naye bila kuniuliza mimi niliyeumizwa. Hao wanahitaji hatua ya tatu kuliko zote. Wengine wanaandika kwa kifupi: simwamini, anaigiza. Hilo ni swali la muda na mashahidi, na si dhambi kuliuliza.

Wapo pia wasio na wa kumtaja. Nakuru tulichinjana na majirani tuliowajua kwa majina, ndiyo maana baada ya ghasia za uchaguzi za Januari 2008 uwanja wa maonyesho ulijaa mahema ya wakimbizi wa ndani, na wengine walikaa humo huku wakijua hasa ni nani anayelala kwenye vitanda vyao. Lakini ukienda Kisumu, kule Kondele na Manyatta, wengi waliopoteza watoto siku zile waliwapoteza kwa risasi za polisi. Adui alikuwa sare na kofia. Hakuna sura ya kumtazama Jumapili, hakuna atakayekuja kuomba radhi. Kama wewe ni wa kundi hili, andika unachokijua: tarehe, mahali, rangi ya gari. Ni vigumu kumpelekea Mungu kesi isiyo na mshtakiwa, na ukiyaandika hayo angalau unajua unalalamikia nini.

Hatua ya pili: soma Yona kwa mkao mmoja, ukianzia mwisho

Kitabu kizima kina sura 4 na aya 48. Ukikisoma kwa sauti, chai haijapoa umemaliza. Tatizo ni kwamba tulikisoma Sunday school kama hadithi ya samaki, na samaki ndiye mhusika mdogo kuliko wote. Anza na sura ya 4, kisha urudi ya 1.

Ukianza hapo utaona kitu ambacho wahubiri wengi hukipita haraka. Yona hakukimbilia Tarshishi kwa kuogopa kuuawa. Anajieleza mwenyewe katika 4:2: alikimbia kwa sababu alijua tangu akiwa kwao kwamba Mungu ni mwenye neema, mwingi wa rehema, si mwepesi wa hasira, na kwamba akiwahubiria wale watu huenda wakatubu na Mungu akawaachilia. Maneno hayo ni yale yale ambayo Musa aliyasikia mlimani katika Kutoka 34, maneno ambayo Waisraeli waliyaimba kwa furaha. Yona anayarudisha kwa Mungu kama mashtaka.

Na usimwone Yona kuwa mtu wa roho mbaya tu. Ninawi ulikuwa mji wa Ashuru, kando ya mto Hidekeli, karibu na palipo Mosul ya leo nchini Iraki. Waashuru walichonga ukatili wao kwenye mawe kwa kujivuna. Michoro ya kuta za jumba la mfalme Senakeribu huko Ninawi inaonyesha mji wa Lakishi wa Yuda ukitekwa mwaka 701 kabla ya Kristo: watu wametungikwa kwenye miti, wengine wanachunwa ngozi, wanawake na watoto wanaondoka juu ya mikokoteni. Michoro hiyo iko London, kwenye British Museum, hadi leo. Samaria yenyewe ilikuwa imeangushwa na Waashuru miaka kama ishirini kabla ya hapo. Wasomaji wa kwanza wa kitabu hiki walijua Ninawi ni nani kama mtu wa Burnt Forest anavyojua mapigano ya kikabila ya 1992 ni nini. Kwa hiyo ukisikia mtu akimcheka Yona, muulize yeye nyumba yake ilichomwa lini.

Angalia pia sura ya 3, aya ya 8. Mfalme wa Ninawi hakuishia kwenye magunia na majivu. Aliamuru kila mtu aache udhalimu ulio mikononi mwake, na aya ya 10 inasema Mungu aliyaona matendo yao. Hii aya iwekee alama, tutairudia.

Ndugu Waislamu wa Kisumu na Mumias wanamjua huyu kama Nabii Yunus, na Kurani nayo inasema watu wake waliamini na adhabu ikaondolewa. Swali linawakuta pande zote mbili za barabara.

Hatua ya tatu: mshtaki Mungu kwa Mungu mwenyewe

Hapa ndipo wengi hukosea njia, kwa sababu kanisani tumefundishwa kuomba kwa adabu. Tunamwambia Mungu "nakushukuru kwa yote" huku taya zimekazwa. Yona alimwambia Mungu kwamba heri kufa kuliko kuishi, na Mungu hakumpiga radi. Alimuuliza swali: je, unatenda vema kukasirika? Yona hakujibu. Akatoka mjini, akajijengea kibanda upande wa mashariki, akaketi aone mji utakuwaje. Mungu akamfuata huko huko.

Fanya hivi. Tafuta mahali unapoweza kuongea peke yako bila jirani kukusikia. Nyumba za kupanga za Kaptembwo na Kwa Rhonda kuta zake ni nyembamba, najua. Watu wa Nakuru wamezoea kupanda Menengai kufunga na kuomba kwenye mapango, na ukifika ukingoni unauona mji wote chini. Kama huwezi kupanda, hata choo cha nje usiku kinatosha. Nenda na wimbo wa kulalamika: Zaburi ya 13 kama umechoka, ya 109 kama umewaka. Ya 109 inatisha. Mwandishi anaomba watoto wa adui wawe yatima. Sikwambii uikubali, nakwambia imo ndani ya Biblia kama maombi, maana yake Mungu ameshasikia mabaya kuliko ya kwako.

Kisha sema yako, kwa lugha ya mama yako, si Kiswahili cha madhabahuni. Sema alichofanya. Sema ulichotaka Mungu amfanyie. Usimpunguzie Mungu makali. Ukimaliza, usiweke "lakini mapenzi yako yatimizwe" haraka haraka kama anayefunga mlango. Iache wazi uondoke.

Mama mmoja ninayemfahamu, anauza mboga soko la Wakulima, alifanya hivi akiwa amebeba daftari la deni la wateja wake. Alimsomea Mungu orodha ya alivyopoteza: ng'ombe wawili wa maziwa, mabati, cherehani ya mguu, cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kila kitu na bei yake ya wakati ule. Akaniambia alipofika kwenye cheti cha kuzaliwa ndipo alipolia, si kwenye ng'ombe. Cheti kile ndicho kilichomhangaisha mtoto kusajiliwa mtihani.

Onyo kwa wachungaji na marafiki wanaosoma hapa: katika hatua hii usimwambie mtu "hata wewe ni mwenye dhambi." Ni kweli, na Yona mwenyewe aliokolewa tumboni mwa samaki kabla Ninawi haijaokolewa. Lakini Mungu alichelewa kumgusia hilo, na alipomgusia alianza na kivuli cha mtango. Wewe una haraka gani?

Hatua ya nne: tenga rehema na vitu vinavyofungwa nayo

Mtu akisema "Mungu amenisamehe," huwa anataka kukuuzia furushi. Ndani yake kuna rehema ya Mungu, msamaha wako, kuaminiwa tena, kupatana, na kesi kufutwa. Fungua furushi hilo kitu kimoja kimoja.

Rehema ya Mungu si mali yako, huwezi kuitoa wala kuizuia. Kubali hilo tu, hata kwa kinyongo.

Msamaha wako ni wako. Maana yake, kwa kadiri ninavyoelewa Warumi 12:19, ni kumwachia Mungu kisasi. Kuacha kisasi hakukulazimishi kunywa chai naye.

Kuaminiwa hujengwa. Sauli, ndiye Paulo, alipookoka, Anania wa Dameski alianza kwa kumlalamikia Mungu kuhusu mabaya aliyoyafanya mtu huyo, ndipo akaenda. Na Sauli alipofika Yerusalemu, Matendo 9:26 inasema wanafunzi walimwogopa, hawakusadiki kwamba yeye ni mwanafunzi. Hakuna anayewakemea. Barnaba alilazimika kumshika mkono na kumtolea ushahidi, na kwa maelezo ya Paulo mwenyewe kwa Wagalatia ilikuwa ni baada ya miaka mitatu. Kwa hiyo akikuambia "mbona huniamini na nimeokoka mwezi jana," jibu la Biblia lipo.

Kupatana kunahitaji watu wawili wanaokubaliana juu ya kilichotokea. Kama yeye anasema "yale mambo yaliyotokea" nawe unasema "ulichoma," hamjafika.

Haki nayo ina ofisi zake, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoibiwa mara ya pili. Zakayo alipokutana na Yesu alisimama akasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemdhulumu anamrudishia mara nne. Mfalme wa Ninawi aliamuru udhalimu uache mikono. Rehema iliwakuta wakirudisha. Basi kama ardhi yako iko kwa jina lake, wokovu wake haubadilishi hati; nenda kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ipo hapa Nakuru, ipo Kisumu na Eldoret. Kama mnataka kukaa chini ya mti na wazee, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 159 inakubali upatanisho na njia za jadi, ila njia hizo zisivunje haki za mtu. Dai lichukuliwe kwa maandishi, wote mtie sahihi, na chifu au wakili abaki na nakala. "Tumeongea kama ndugu" huwa inasahaulika mvua ikinyesha na shamba likitakiwa kulimwa.

Makosa ya kingono hayana mzee wala mchungaji wa kuyamaliza. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haiachii familia wala kanisa mamlaka ya kusimamisha kesi hiyo. Mtu akikuletea mbuzi na Biblia, chukua Biblia.

Hatua ya tano: ombi dogo la aya ya 11

Sasa rudi mwisho wa Yona. Mungu anaitetea Ninawi kwa hoja ya ajabu. Hasemi wale ni wema. Anasema humo mna watu zaidi ya 120,000 wasiojua mkono wa kuume wala wa kushoto, na wanyama wengi pia. Wanyama! Hoja yake ya mwisho kwa nabii mwenye hasira ni ng'ombe.

Nimeona hii ndiyo njia inayopitika kwa watu waliojeruhiwa. Usianze kumwombea yeye. Anza na walio nyumbani kwake ambao hawakukukosea: mtoto wake anayekohoa, mama yake mzee, hata mbwa. "Mungu, mtoto wa yule asikose karo." Sekunde chache, mara moja kwa siku. Ukishindwa, omba mifugo yake isife kwa ugonjwa. Sifanyi mzaha, kuna watu walianzia hapo.

Baada ya muda unaweza kumtaja yeye mwenyewe. Usimwombee baraka usizozitaka; omba kitu unachoweza kusema bila kudanganya. "Mfanye aseme ukweli" ni ombi zuri kwake na kwako. Ni ombi la rehema pia, ingawa halisikiki hivyo.

Hatua ya sita: Jumapili yenyewe

Kaa mahali ambapo huhitaji kumtazama. Safu ya mbele au karibu na mlango, utakavyoona. Wakati wa kusalimiana, mkono unatosha. Akikuambia "Bwana asifiwe, mama," sema "Amina" upite. Hujasaini mkataba.

Kuhusu meza ya Bwana, nawasikia waliodhulumiwa wakijizuia kushiriki kwa sababu "nina kitu moyoni." Soma Mathayo 5:23 polepole. Anayeambiwa aache sadaka yake madhabahuni aende kupatana ni yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake, yaani mkosaji. Wewe uliyetobolewa hukupewa amri ya kukimbia nyuma ya aliyekutoboa kabla ya kula mkate. Kama uko Katoliki na jambo linakusumbua, zungumza na padri kwenye kitubio, umwambie lilivyo.

Wakikuomba usimame naye mbele mkumbatiane kanisa lipige picha, kataa. Sema "bado, mchungaji," kwa heshima, mara moja. Mchungaji mwenye busara hatarudia.

Hatua ya saba: akija mlangoni

Asipokelewe ukiwa peke yako kama uliwahi kumwogopa. Mpe kiti, hiyo ni desturi. Halafu mwache aongee. Sikiliza mambo mawili: anataja alichofanya, au anasema "kama nilikukosea"? Anauliza unahitaji nini, au anataka tu umwambie maneno aondoke akiwa mwepesi?

Akitaja na akiuliza, mwambie unachohitaji: vitu, maneno mbele ya watu fulani, jibu la swali ulilolibeba. Mama wa Wakulima alipofikiwa hakuomba ng'ombe. Alisema, "Nataka uniambie nani alikuonyesha nyumba yetu." Yule mzee aliyemjia alinyamaza muda mrefu, kisha akataja. Sijui kama walipatana. Najua siku hizi mzee hununua sukuma kwa mama, naye mama humpimia sawa na mteja mwingine yeyote, bila kumuongezea.

Asipotaja, mshukuru kwa kuja, umsindikize hadi langoni. Mlango huo unaweza kufunguliwa tena mwaka ujao.

Hatua ya nane: msimu wa kampeni, na watoto

Hata ukifika mbali, utarudi nyuma. Waliopitia ya 2008 hurudi nyuma kila Desemba, na zaidi wakati magari ya kampeni yanapoanza kupiga muziki. Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Weka mapema mtu mmoja wa kumpigia simu usiku, ujiondoe kwenye makundi ya WhatsApp yanayosambaza video za zamani, na mwezi huo urudie hatua ya tatu kama ulivyoifanya mara ya kwanza.

Watoto watauliza kwa nini hatununui kwa duka lile, au kwa nini baba hakwenda mazishi yale. Waambie, kwa ukubwa wa umri wao. Wa miaka 9 ataridhika na "alitukosea, tunamwachia Mungu, na polisi wanajua." Wa miaka 16 atataka majina. Waliohukumiwa au waliokiri, mtajie. Majina ya tetesi, usimpe, na jina la kabila usilitumie pale ambapo palihitaji jina la mtu.